Mahakama Jukwaani: Kimathi wa Mchezo na Kimathi wa Jalada



Katika michezo yote ya kuigiza hakuna unaoonekana rahisi kuuandika, kisha ukawa mgumu kuuigiza, kama mchezo wa kesi. Unaonekana rahisi kwa sababu mahakama yenyewe tayari ni jukwaa. Kuna kiti cha juu cha jaji, kuna kizimba cha mshitakiwa, kuna mavazi rasmi, kuna karani anayesoma mashitaka kwa sauti, na kuna watazamaji waliokaa kimya wakingojea kujua hatima ya mwenzao. Walimu waliopata kufundisha "Mabepari wa Venisi", tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotolewa mwaka 1969, wanafahamu jinsi darasa zima linavyotulia pindi kesi ya ile ratili ya nyama inapofika mbele ya baraza.

Ugumu huanza pale kesi inayoigizwa inapokuwa ilitokea kweli, na mshitakiwa akawa ni mtu aliyesimama kupinga utawala. Hapo mwandishi hayuko huru kama alivyokuwa Shakespeare. Nyuma yake kuna jalada, kuna mashahidi, kuna wajane na watoto wa waliohukumiwa. Mbele yake kuna vijana ambao wataijua kesi ile kwa kupitia mchezo wake tu. Je, mwandishi ana ruhusa ya kuibadili kesi? Na mwigizaji amwigize nani: mtu aliyekuwako, au mtu ambaye taifa linamhitaji?

Mazungumzo haya yanakusudia kulichungua swali hilo kwa kutumia mchezo mmoja unaojulikana katika Afrika ya Mashariki, yaani "The Trial of Dedan Kimathi" wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, uliochapishwa mwaka 1976 na baadaye kutolewa kwa Kiswahili kwa jina la "Mzalendo Kimathi".

KESI ILIVYOKUWA

Dedan Kimathi alizaliwa mwaka 1920 katika wilaya ya Nyeri. Alipata kuwa mwalimu wa shule kabla ya kuingia msituni na kuwa mmoja wa wakuu wa wapiganaji wa Mau Mau. Serikali ya Mwingereza ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya tarehe 20 Oktoba, 1952. Miaka minne baadaye, tarehe 21 Oktoba, 1956, Kimathi alipigwa risasi ya paja na askari wa doria, akakamatwa.

Alifikishwa mbele ya Jaji Mkuu wa Kenya, Sir Kenneth O'Connor, mjini Nyeri mwezi Novemba mwaka huo huo, akiwa bado na jeraha. Jambo la kuzingatiwa hapa ni shitaka lenyewe. Dola iliyokuwa imetumia majeshi na ndege za kutupa mabomu kwa miaka minne haikumshitaki kwa vita, wala kwa uasi, wala kwa kuua. Ilimshitaki kwa kupatikana na bastola na risasi bila idhini. Chini ya sheria za hali ya hatari kosa hilo peke yake lilitosha kumnyonga mtu. Katika miaka ile zaidi ya watu 1,000 walinyongwa nchini Kenya kwa makosa yaliyohusiana na Mau Mau.

Wazee watatu wa baraza, Waafrika, waliketi pamoja na jaji, na wote watatu wakamwona ana hatia. Hukumu ya kifo ilitolewa tarehe 27 Novemba, 1956. Rufaa zake zikakataliwa. Tarehe 18 Februari, 1957 Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti, akazikwa humo bila ya kaburi lake kuwekwa alama yoyote.

MCHEZO ULIVYOANDIKWA

Waandishi wawili hao walipoanza kazi yao katika miaka ya sabini, jalada la kesi halikuwa mikononi mwao. Walichokuwa nacho ni vitabu, vingi vyao vikiwa vimeandikwa na wale waliomwinda Kimathi, pamoja na maneno ya wananchi wa Nyeri ambao waandishi waliwaendea wenyewe ili kusikia kutoka kwa watu waliomfahamu. Wananchi wale hawakuzungumza juu ya gaidi aliyesimuliwa na vitabu vya walowezi. Walizungumza juu ya mwalimu wao na kiongozi wao. Waandishi wakachagua kuandika mchezo kutokana na kumbukumbu hiyo ya wananchi.

Uchaguzi huo ndio ulioupa mchezo umbo lake. Mahakama inaonekana mwanzoni na mwishoni. Katikati mchezo unatoka nje ya mahakama: unakwenda barabarani, ambako Mwanamke aliyeficha silaha ndani ya mkate anakutana na Mvulana na Msichana wasio na kwao, unakwenda korokoroni, ambako Kimathi anajaribiwa mara nne, unakwenda msituni, ambako Kimathi mwenyewe anaketi kuwahukumu wasaliti, na miongoni mwao yumo ndugu yake wa tumbo moja.

Mpango huo una hekima. Udhaifu mkubwa wa michezo ya kesi ni kwamba watu huketi na kusema, wakaketi na kusema tena, mpaka mtazamaji akasinzia. Waandishi hawa waliliona hilo, wakalivunja kwa ngoma, nyimbo na picha za historia zinazopita jukwaani. Lakini hawakufanya hivyo kwa kufurahisha macho tu. Kesi ya korokoroni, kesi ya barabarani na kesi ya msituni zinamwambia mtazamaji kwamba ile ya Nyeri ilikuwa ni moja tu kati ya nyingi, tena ndogo kuliko zote. Wanaokuja korokoroni kumjaribu Kimathi si mabeberu peke yao. Wanakuja wenye mabenki, anakuja mfanya biashara, anakuja mwanasiasa, anakuja mtu wa dini; na wengine kati yao ni Waafrika. Hapo mchezo unaacha kuwa juu ya mwaka 1956, unakuwa juu ya mwaka ule ulioigizwa.

Jaji wa mchezo haitwi O'Connor. Anaitwa Shaw Henderson, na huyo huyo ndiye anayeingia korokoroni kumbembeleza Kimathi, kisha kumtesa. Mwanasheria anaweza kulalamika kwamba jambo hilo halikutokea: Jaji Mkuu hakumtesa mshitakiwa. Ni kweli. Lakini waandishi walikuwa wanasema neno lingine, nalo ni kwamba pale ambapo aliyetunga sheria, aliyekamata, aliyeshitaki na aliyehukumu wote wanatumikia dola moja dhidi ya mtu mmoja, kutenganisha sura zao ni kumfariji mtazamaji bure. Mwigizaji mmoja aliyevaa vyeo vyote hivyo anaeleza kwa dakika moja jambo ambalo hotuba ndefu isingelieleza.

JALADA LILIPOTOKEA

Kwa miaka mingi iliaminika kuwa kumbukumbu za kesi hiyo zimepotea au zimeteketezwa. Hazikuwa zimepotea. Zilipatikana, na mwaka 2017 zikachapishwa katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria Julie MacArthur. Dibaji ya kitabu hicho iliandikwa na Mĩcere Mũgo na Ngũgĩ wenyewe.

Hapo ndipo swali lilipokuwa zito. Kimathi wa mchezo anakataa kujibu shitaka. Ananyamaza, na anapofungua kinywa anaihoji mahakama yenyewe, imepata wapi haki ya kumhukumu katika nchi ambayo si yake. Kimathi wa jalada hakufanya hivyo. Alikana shitaka, akapewa wakili, akatoa ushahidi kwa kupitia mkalimani, na akajitetea kwamba alikuwa njiani kwenda kujisalimisha kwa mujibu wa masharti ambayo Serikali yenyewe ilikuwa imeyatangaza.

Yako makundi mawili ambayo husikia habari hizo na kutoa hukumu ya haraka. Kundi la kwanza husema: basi mchezo ni uwongo, na shujaa hakuwa shujaa. Kundi la pili husema: jalada ni la mkoloni, lisisomwe. Makundi yote mawili yanakosea, na mwalimu anayewafuata ama hawa ama wale atawanyima vijana elimu.

Kundi la kwanza linasahau kwamba jalada nalo lina mwandishi wake. Maneno ya Kimathi yaliyomo humo yalitoka kinywani mwake kwa lugha moja, yakaingia kwenye karatasi kwa lugha nyingine. Yalikuwa ni majibu ya maswali ambayo hakuyachagua. Zaidi ya hayo, mtu mwenye jeraha, ambaye kitanzi kimekwisha ning'inizwa mbele yake, akitumia njia pekee ambayo sheria inamwachia ili aokoe maisha yake, hajaivunja heshima yake. Wale wanaomtaka afe kwa maneno matamu ni wale ambao hawatakufa pamoja naye.

Kundi la pili linasahau kwamba jalada hilo hilo la mkoloni ndilo linalomshitaki mkoloni vikali zaidi. Humo ndimo inamoonekana jinsi mtu alivyoweza kunyongwa kwa sababu ya bastola, kesi ikiwa imekwisha kwa muda wa siku chache. Mchezo ungeweza kudaiwa kuwa umetia chumvi. Jalada halidaiwi hivyo, kwa kuwa liliandikwa na karani wa dola yenyewe.

ONYO LA EBRAHIM HUSSEIN

Tatizo hili si geni katika fasihi ya Kiswahili. Ebrahim Hussein alipotoa "Kinjeketile" mwaka 1969 aliwatahadharisha wasomaji kwamba Kinjeketile wa mchezo asichanganywe na yule wa historia, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti, 1905. Mwandishi wa mchezo alihitaji mtu anayesumbuliwa na nafsi yake, anayeona kwamba neno alilolitoa limemponyoka. Historia ilimpa jina na tukio. Nafsi ile aliiumba yeye.

Onyo hilo ni la kiungwana, na linafaa kuwa kanuni. Mwandishi anaweza kuumba. Lisilofaa ni kuumba kisha kuficha kwamba ameumba. Mwalimu anayesomesha mchezo wa historia hana budi kuanza na somo hilo kabla hajafika kwenye wahusika na mafunzo: lipi lilitokea, lipi limeongezwa, na limeongezwa kwa sababu gani. Sababu ndiyo muhimu. Nyongeza inayofumbua jambo lililofichika ni halali. Nyongeza inayofunika jambo chungu ili watazamaji wapige makofi ni hadaa.

MFANO WA CHICAGO

Mfano wa hadaa ya namna hiyo, tena iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, unaonekana katika filamu ya Marekani iitwayo "The Trial of the Chicago 7", iliyoandikwa na kuongozwa na Aaron Sorkin mwaka 2020. Filamu hiyo inaonyesha kesi ya watu walioshitakiwa kwa kula njama na kuchochea ghasia katika mji wa Chicago mwezi Agosti, 1968, walipokuwa wakiandamana kupinga vita vya Vietnam.

Hapa mwandishi hakuwa na udhuru wa kukosa jalada. Kesi ilianza Septemba, 1969 ikaendelea hadi Februari, 1970, na kila neno liliandikwa. Washitakiwa mwanzoni walikuwa wanane. Wa nane alikuwa Bobby Seale, kiongozi wa chama cha Black Panther, ambaye wakili wake alikuwa mgonjwa. Alipodai haki yake ya kujitetea mwenyewe, Jaji Julius Hoffman aliamuru afungwe kwenye kiti na kuzibwa kinywa ndani ya mahakama. Amri hiyo ilitekelezwa tarehe 29 Oktoba, 1969, na Seale aliendelea kuletwa mbele ya mahakama katika hali hiyo kwa siku kadhaa.

Yahya Abdul-Mateen wa Pili, aliyemwigiza Seale, alifanya kazi yake vizuri sana. Macho yake juu ya kile kitambaa yanasema kuliko hotuba za wenzake. Frank Langella naye alimwigiza jaji bila ya kupiga kelele, na kwa hiyo akatisha zaidi. Lakini maandishi yaliwasaliti waigizaji. Katika filamu aibu ile inakwisha kwa muda mfupi, na mwendesha mashitaka mwenyewe anaonekana kuingiwa na huruma. Tena filamu inamalizika kwa mshitakiwa Tom Hayden kusoma majina ya askari waliokufa vitani huku mahakama nzima ikisimama kwa heshima. Halikutokea hivyo. Aliyejaribu kusoma majina ya waliokufa ni David Dellinger, tarehe 15 Oktoba, 1969, kesi ikiwa bado mbichi, na mahakama haikusimama kumheshimu.

Tofauti kati ya Sorkin na waandishi wa Kimathi iko hapo. Wote walibadili. Waandishi wa Kimathi walibadili ili mtazamaji atoke na swali juu ya nchi anayoishi. Sorkin alibadili ili mtazamaji atoke ameridhika kwamba mwishoni mwa yote haki ilipatikana ndani ya ukumbi ule ule. Ukweli ni kwamba haki haikupatikana mle. Watano walitiwa hatiani, na hukumu hizo zilitenguliwa na mahakama ya rufaa mwaka 1972.

KAZI YA MWIGIZAJI

Kutokana na mifano hii yako mambo matatu ambayo yafaa yazingatiwe na walimu wanaoongoza michezo ya namna hii mashuleni na vyuoni.

La kwanza ni juu ya kumwigiza mtawala. Vijana wengi wakipewa nafasi ya jaji wa kizungu hupenda kusemea puani, kuvimbisha tumbo na kupiga meza. Watazamaji hucheka, na wakisha cheka hofu imekwisha. Dola haikutawala kwa kuchekesha. Jaji aliyesoma hukumu ya kifo kwa sauti ya kawaida, akakunja karatasi zake na kwenda zake, anaueleza ukoloni kuliko yule anayebweka.

La pili ni juu ya ukimya wa mshitakiwa. Mchezo wa Kimathi unampa mwigizaji mwanya wa kunyamaza mbele ya shitaka linalosomwa tena na tena. Waigizaji wachanga huogopa ukimya; huujaza kwa kukunja uso na kutupa mikono. Mwigizaji afundishwe kusimama tu. Yule ambaye amekwisha amua hana haja ya kuhangaika, na watazamaji watamngojea.

La tatu ni juu ya watazamaji wenyewe. Katika maandishi ya mchezo, mahakama ya Nyeri imegawanyika: Waafrika wamebanana upande mmoja, Wazungu wamekaa kwa nafasi upande wa pili. Kiongozi wa mchezo anayejua kazi yake ataufanya ukumbi wake wote kuwa ni upande ule uliobanana. Hivyo ndivyo ilivyotokea mchezo ulipoonyeshwa mara ya kwanza katika Jumba la Taifa la Michezo mjini Nairobi, Oktoba, 1976. Jumba hilo lilikuwa limefunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule wa hali ya hatari, na hata baada ya uhuru michezo ya kigeni ilikuwa bado ikipewa nafasi kuliko ya wenyeji. Watazamaji walishikwa na nyimbo za mwisho, wakacheza pamoja na waigizaji mpaka nje barabarani. Mwaka 1977 mchezo ulipelekwa Lagos katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi.

Nguvu ya namna hiyo haipatikani bila ya gharama. Ngũgĩ alikamatwa mwishoni mwa Desemba, 1977, baada ya mchezo mwingine, "Ngaahika Ndeenda", alioandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na ulioigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Hakufikishwa mahakamani. Aliwekwa kizuizini Kamiti, katika gereza lile lile ambamo Kimathi alinyongwa, mpaka Desemba, 1978. Mĩcere Mũgo naye alilazimika kuihama nchi mwaka 1982. Alifariki dunia mwaka 2023, na Ngũgĩ akamfuata mwaka 2025, wote wawili wakiwa ugenini.

WAJIBU WA WATUNZA MAJALADA

Neno la mwisho ni kwa watumishi wa umma. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wakoloni waliujua usemi huo kwa maana yake. Walipokuwa wakiondoka walichoma baadhi ya majalada na mengine wakayahamishia kwao. Ni mwaka 2011 tu ndipo Serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba ilikuwa imeyaficha maelfu ya majalada kutoka makoloni yake ya zamani. Majalada hayo yaliwasaidia wazee wa Kenya waliokuwa wameteswa katika kambi za hali ya hatari; na mwaka 2013 Serikali hiyo ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa waathirika 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Karani anayepanga mafaili katika chumba chenye joto na vumbi huenda akaona kazi yake ni ya chini kuliko ya mwandishi au ya mwigizaji. Sivyo hata kidogo. Mwandishi wa mchezo anaweza kuzungumza na wazee wa kijiji na kuandika jambo la kweli bila ya jalada, kama walivyofanya Ngũgĩ na Mĩcere. Lakini jalada likikosekana, kizazi kinachofuata hakina cha kupimia. Kitaamini kila kinachoigizwa kwa ufundi, au hakitaamini kitu chochote.

Tanzania nayo inazo kesi zake. Mwaka 1958 Julius Nyerere alisimama mahakamani Dar es Salaam kwa shitaka la kuwakashifu maofisa wa Serikali ya kikoloni katika gazeti la TANU, akitetewa na wakili D. N. Pritt, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Alikuwa na hiari ya kwenda gerezani na kuitwa shujaa siku hiyo hiyo. Alichagua kulipa faini na kuendelea na kazi. Umo mchezo mzima ndani ya uamuzi huo, na si mchezo wa makelele. Unamngojea mwandishi atakayeketi na mwenendo wa kesi mbele yake, mwalimu atakayewaambia vijana lipi ni la jalada na lipi ni la jukwaa, na mwigizaji atakayekubali kusimama kizimbani akiwa mtu kwanza, kabla hajawa sanamu.